Nati ya Heribert

Gereon Thelen alikuwa na mkono mmoja unaofanya kazi na ulimi usiojua kuomba, na kati ya hivyo viwili, ulimi ndio uliomtesa zaidi.

Mkono wa kushoto ulipooza zamani, pikipiki yake ilipoteleza kwenye kona yenye majani yaliyolowa juu ya mji wa Adenau, Ujerumani. Alipopona akahamishia klachi upande wa kulia, pamoja na breki, akaendelea kuendesha, na pale kijijini kwao, kwenye vilima vya Eifel, hakuna aliyeshangaa. Watu wa huko huzijua sauti za injini kabla ya kengele za kanisa. Kilichomshinda ni gurudumu la nyuma. Majira ya joto tairi lililika upesi, na kulitoa gurudumu kulitaka mkono wa kuchomoa ekseli, mwingine wa kubeba gurudumu, na mwingine tena wa kukwepesha mnyororo. Kila mara ilibidi ampigie simu jirani yake Heribert, fundi mkereza vyuma aliyestaafu. Heribert alikuja bila kunung'unika, tena mbio mbio, na huko kukimbia ndiko kulikomfanya Gereon ajione mzigo.

Msimu ulipoisha, akatangaza kwenye meza yao ya baa: "Nauza pikipiki. Mtu asiyeweza kutoa gurudumu lake mwenyewe na apande basi."

Heribert alimaliza bia yake kwanza. "Niachie mpaka baridi iishe," akasema. "Ukitaka kuuza baada ya hapo, nitakusukumia mwenyewe hadi kwa mnunuzi."

Kumbe mzee alikuwa na lake. Alikwenda kwa muuza vyuma vikuukuu akarudi na mkono wa nyuma wa pikipiki ya aina nyingine kabisa, ule unaolishika gurudumu upande mmoja tu, kama la gari, kwa nati moja kubwa katikati. Ukifungua nati, gurudumu linatoka. Mnyororo na breki vinabaki mahali pao. Ila mkono huo haukuumbwa kwa fremu ile. Baridi nzima Heribert alikereza, akapima, akatupa, akakereza upya, mpaka mnyororo ukanyooka na gurudumu la nyuma likalifuata la mbele bila kupinda. Gereon alikaa kwenye kigoda akishika taa.

Theluji ilipoyeyuka wakaipeleka pikipiki kwa mkaguzi wa magari, mtu ambaye alishawahi kurudisha pikipiki kwa sababu ya kioo cha pembeni. Alipiga magoti, akagonga hapa na pale, akaiendesha, akarudi, akapiga magoti tena.

"Hakuna cha kulalamikia," akasema, akagonga muhuri. Huko Eifel hiyo ni sifa ya kusimulia wajukuu.

Jumamosi, Gereon alinunua kreti ya bia, maana kwao shukrani hutolewa kwa kreti na si kwa mdomo. Heribert akaja na mkewe Änni. Pikipiki ilikuwa juu ya stendi gerejini kwa Gereon, spana mpya imelala juu ya kitambaa safi.

"Haya, litoe," Heribert akasema.

Gereon akatia spana na kuvuta. Gurudumu likazunguka pamoja na nati.

"Mtu ashike breki," Heribert akasema, kisha akayasikia maneno yake mwenyewe.

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wamepima kila kitu isipokuwa Gereon. Heribert aliikaza nati ile kama kitabu kilivyoagiza, kama alivyokaza kila kitu maisha yake yote, na kuifungua kulitaka mtu kwenye breki upande wa pili na mwingine kwenye spana.

"Si uilegeze kidogo," Änni akasema.

"Nikiilegeza, gurudumu litampita barabarani."

Gereon alitazama sakafu. Moyoni alishaanza kumpigia simu mnunuzi. Änni akatoka bila kuaga, akarudi kutoka bustanini kwao na bomba la chuma la kuanikia nguo, vibanio viwili bado vinaning'inia.

"Jaribuni hili. Limebeba chupi za Heribert tangu tuoane, halitashindwa na nati."

Mpini wa spana ukaingia ndani ya bomba kama lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Gereon akavua mkanda wa suruali. Akakanyaga breki mpaka chini, akaupitisha mkanda juu yake na kuuzungusha kwenye fremu, akaufunga kwa mkono na meno, kama afungavyo viatu kila asubuhi. Breki haikurudi. Akarudi kwenye spana, akauweka mguu juu ya bomba na kulielemea kwa uzito wake wote, suruali ikianza kuteremka.

Nati ikalia, ikaachia.

Iliyobaki aliimaliza kwa vidole. Akalivuta gurudumu likamlalia pajani, akaliegemeza ukutani, peke yake. Sasa ilikuwa zamu ya kufungua kreti. Lakini akajua bia haitatosha.

"Asante, Heribert," akasema. "Kwa hii, na kwa mara zote ulizokuja mbio."

Heribert aliiokota nati akaanza kuifuta, ingawa ilikuwa safi. "Kwa hiyo hutanipigia tena."

"Tangu astaafu," Änni akasema taratibu, "viatu vyake vya gereji anaviweka chini ya simu."

Gereon alimtazama jirani yake, na aibu aliyokuwa ameibeba miaka yote ikamtoka. Alikuwa akijiona mzigo kwa mtu aliyekuwa akisubiri simu yake.

"Jumamosi ijayo nalipeleka hili likavishwe tairi jipya," akasema. "Nitalitoa mwenyewe. Njoo saa nne, ukae pale kwenye kigoda."

"Nikae tu?"

"Unishikie taa."

Heribert aliifuta nati mara moja zaidi, akamwekea kiganjani.

"Hakuna cha kulalamikia," akasema, akainama kufungua kreti ili wasimwone macho.