Wagonjwa Tisini kwa Siku

Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango wa kliniki, binti wa mapokezi alivifuta vibao vya namba kimoja kimoja, kuanzia cha kwanza hadi cha tisini. Siku hiyo hakufika hata nusu. Simu ililia, alikuwa wakili wao.

"Jaji ameshatoa uamuzi. Mwite mjomba wako, weka spika."

Daktari, mjomba wake, alikuja mbio, koti jeupe likiwa begani. Baraza la Madaktari lilikuwa limemfutia leseni kwa madai kwamba hakuna awezaye kutibu watu tisini kwa siku akawatibu sawasawa. Kilichombakiza kazini ni amri ya muda ya Mahakama Kuu.

"Tumeshinda," wakili alisema. "Lakini sikilizeni vizuri. Jaji hakusema tisini ni sawa. Amesema Baraza lilikosea kumkataa shahidi wetu, kwa hiyo kesi inarudi kusikilizwa upya, mbele ya jopo jingine."

"Shahidi yupi?" binti aliuliza, ingawa alijua.

"Si wewe, mwanangu?"

Mjomba alicheka hadi akakohoa. "Mpwa wangu huyu? Huyu hata kuku akimkanyaga, yeye ndiye huomba radhi!"

Simu ilipokatwa, alijifuta macho, akaendelea kuyasugua. Yalikuwa mekundu tangu Jumatatu. Wiki iliyopita alimwandikia mtoto dozi ya mtu mzima. Binti akaiona, akamrudishia karatasi bila neno, naye akairekebisha bila neno.

"Utawaambia wanajopo kliniki ya jirani ilifungwa," Mjomba alisema. "Watu wangekwenda wapi?"

"Hilo nitalisema."

"Basi yamekwisha."

Nje foleni ilikuwa imeshazunguka ukuta. Mtu alibisha hodi. Binti aliweka mkono kwenye kitasa, kisha akamgeukia mjomba wake.

"Hayajaisha. Wakiniuliza kuhusu ile dozi, nitawaambia pia."

Mjomba alivuta kiti taratibu, akaketi. Hakucheka tena.

"Kumbe uliogopa ulipoiona?"

"Niliogopa sana. Hukosei kwa kutojua, Mjomba, unakosea kwa kuchoka. Sitaki wakufutie leseni. Nataka tutafute daktari wa pili, na leo ule chakula cha mchana ukiwa umekaa. Nilitaka kukwambia tangu mwaka jana."