Kidonge cha Saa Sita

Kwaruu, kwaruu. Nyuma ya ukuta kitu kizito kiliburutwa juu ya saruji, kikasimama, kikaburutwa tena. Mshona Kola hakugeuka. Katika kiwanda hiki mwenye kugeuza shingo huambiwa akaigeuzie nyumbani.

"Wanatoa katoni," alinong'ona jirani yake, mshona vifungo, macho hayabanduki kwenye cherehani. "Chumba chenu kinafunguliwa. Leo tunatembelewa na ndugu matajiri."

Chumba chenyewe kilikuwa na kibao mlangoni: Chumba cha Akina Mama Wanaonyonyesha. Tangu arudi kazini, mtoto akiwa na miezi mitatu, Mshona Kola alikisoma kibao hicho kila asubuhi, na kila asubuhi ndani mlikuwa mmejaa shati zilizofungwa tayari kusafirishwa. Majuma ya kwanza matiti yalimjaa mchana hadi yakavuja. Alichafua kola moja nyeupe, akakemewa mbele ya laini nzima ya washonaji. Kisha yakaacha kuvuja, na hilo ndilo lililomtisha. Jioni mtoto alinyonya, akaachia, akalia, akanyonya tena. Mchana mama mkwe alimshindisha kwa maji ya sukari, kijiko baada ya kijiko, na mashavu ya mtoto yakaanza kubonyea.

Alimwendea msimamizi, ambaye wanawake walimwita Saa Mbovu kwa kuwa kwake saa ya kutoka haikufika kamwe. Aliomba nusu saa ya mchana, basi. Mama mkwe angemleta mtoto getini. Saa Mbovu alimsikiliza vizuri, akamwita dada, akasema hata yeye ni mzazi. Kesho yake, saa sita, alimletea pakiti ya vidonge na bilauri ya maji.

"Hivi vinajaza maziwa. Kutwa mara tatu. Cha saa sita utameza mbele yangu. Nusu saa ya nini tena?"

Maziwa yaliongezeka kidogo, kweli. Lakini juma la pili moyo wake ulianza kuruka mishono. Ulipiga, ukanyamaza, ukaleta mapigo mawili kwa pamoja, kama cherehani yenye sindano iliyopinda. Siku moja aliinuka kufuata uzi, akajikuta sakafuni, mshona vifungo akimpepea kwa kipande cha shati.

Nesi wa kiwanda alimshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo, akapoteza hesabu, akaanza upya. Aliuliza anameza nini. Alipoonyeshwa pakiti, alikwenda kwanza kufunga mlango. Akamweleza kwamba ile ilikuwa dawa ya kuzuia kutapika. Baadhi ya akina mama huwaongezea maziwa, ila inaweza kuvuruga moyo, na hakupaswa kupewa kabla daktari hajampima. Na titi lisilonyonywa kutwa nzima, dawa italidanganya kwa siku ngapi?

"Acha leo hii," alisema nesi.

"Nikiacha, mwanangu atanyonya nini?"

"Anyonye mchana. Akinyonya, yatakuja."

"Anyonyee wapi, dada?"

Nesi alitazama ukuta, upande wa kile chumba. Kisha akafungua daftari la wagonjwa, na penye ugonjwa akaandika: uchovu.

Hayo yalikuwa ya juma lililopita. Leo wanunuzi wa shati walikuwa wanakuja kukagua, na Saa Mbovu alimchagua yeye, maana kati ya wanyonyeshaji watano ni yeye pekee aliyetumainiwa kutoa tone mbele za watu. Mama mkwe alimleta mtoto saa nne, naye mwenyewe amevaa viatu vya kuazima.

Ndani waliweka kiti chenye mto, pazia la maua na beseni la kunawia. Mtoto alilidaka titi kwa hasira, kama mtu anayekumbuka alivyodhulumiwa. Punde maziwa yakashuka. Mshona Kola aliyasikia yakishuka pande zote mbili, upande wa pili ukalowesha sare. Kidonge cha asubuhi hakuwa amekimeza, kwa hofu. Hata hivyo mtoto alikuwa anapiga mafunda, anapumzika, anapiga tena.

Mgeni mmoja, mwanamke mwenye miwani, alichutama ili macho yao yalingane. Aliuliza kwa upole kama huwa ananyonyesha hapa kila siku, na kama ana tatizo lolote. Saa Mbovu alikuwa mlangoni, meno nje. Moyo wa Mshona Kola ukaruka. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini mama mkwe alikuwa anamwombea Saa Mbovu dua, Mungu amzidishie, na pale getini, kama kila siku, wanawake kumi na kitu walikuwa wamepanga mstari kuulizia kazi.

"Kila siku," alisema. "Hakuna tatizo."

Mgeni aliandika.

Walipokwisha kupita, mtoto alikuwa amelala na titi mdomoni, tumbo limejaa. Mshona Kola alimwambia Saa Mbovu, kwa sauti ya chini, kwamba chumba kikibaki hivi, kwa nusu saa tu ya kila siku, dawa hataihitaji. Akasema na la moyo, na alivyoonywa na nesi.

"Nesi anajua kushona kola?" alisema Saa Mbovu. "Na shati nizipange wapi, kichwani kwako? Wageni watarudi mwakani, tutakifungua. Haya, saa sita hiyo."

Kidonge kilikuwa kidogo kuliko kifungo. Alimeza, akapanua mdomo ili msimamizi ahakikishe.

Getini mtoto aliamka, akaing'ang'ania sare, ikabidi vidole vyake vifunguliwe kimoja kimoja.

"Leo ameonja raha huyu," alisema mama mkwe akicheka. "Kesho nimlete saa ngapi?"

Mshona Kola alimwinamia mtoto aliyekuwa analia.

"Nyamaza, mama," alimwambia. "Wageni wakirudi mwakani, nitakunyonyesha tena mchana."