Boma la Mche wa Tarout

Tehit aliijua miti ya tarout ya bonde la Edarit kama mtu anavyowajua wazee wa ukoo wake. Huyu ana kibyongo, yule alivunjika mkono zamani za bibi yake bibi, na yule wa pale juu alipigwa na radi lakini kiburi hakijamtoka. Mashina yake yalikuwa manene, watu wazima wangeshikana mikono kulizunguka moja na bado wangemwita mwingine. Majani yake mabichi yalinukia kama sanduku la bibi harusi. Ilikuwa imesimama katikati ya mawe na mchanga, mahali ambapo mvua ikinyesha watu huisimulia mpaka watoto wao wanakuwa wakubwa, na haikumwomba mtu chochote. Tehit aliipenda kwa hilo, maana naye hakuwa mwombaji.

Kosa lake moja: haikuzaa. Ndivyo walivyosema watu wa Djanet, mji ulio chini ya jabali. Mbegu zilidondoka, jua likazichoma, basi. Na wakati miti ilikuwa haizai, kila msimu wa baridi watalii walipandishwa bondeni pamoja na wapishi wao, na wapishi hao wakavunja matawi ya wazee hao wakapikia supu. Tehit aliwafukuza kwa mawe na kwa matusi, lakini mwanamke mmoja mjane mwenye mbuzi hawezi kulinda bonde zima. Wakarudi tena mwaka uliofuata, wakicheka.

Kisha ikaja mvua kubwa, na baada ya mafuriko Tehit akaona, katika ufa wa mwamba karibu na kambi yake, kitu cha kijani kisichozidi kidole. Akakiinamia, akakisugua kidogo, akanusa mkono wake. Alikaa pale chini akalia, na wala haoni haya kusema kwamba alilia.

Akakijengea boma la miiba ya migunga. Kila jioni akakinywesha maji ya kiriba aliyoyateka kwenye dimbwi la mwamba, na mbuzi wake mwenyewe aliwapiga fimbo wakikitupia jicho tu. Mwaka hata mwaka, mche ukapanda polepole mpaka ukamfika gotini.

Aliyemcheka zaidi ni Bouhen, mwana wa mjomba wake, mwenye punda wa kupandisha mizigo jabalini. Na alikuwa na haki ya kucheka. Kwa watu wa Ajjer, wenyeji wa majabali haya, mtoto wa mjomba ni mtani wako tangu tumboni. Akikutukana humjibu kwa ngumi, unamtukana zaidi.

"Eti tarout imezaa!" alisema Bouhen. "Tehit binti wa shangazi, hilo ni gugu. Mbuzi wako wamekuzoea mpaka nawe umeanza kuona kila jani ni chakula."

"Na wewe umezoeana na punda wako mpaka sauti zenu hazitofautiani. Kawaambie wa huko chini, waje waone."

Pamoja na kebehi zake, habari aliifikisha, na watu wa Djanet wakamcheka yeye pamoja na Tehit. Ikapita Djanet, ikafika kaskazini, kwa Daktari Nassima, mwanamke aliyetumia ujana wake wote kuitafuta tarout changa na hakuwahi kuiona porini hata moja. Naye akatuma jibu. Kama ule mche kweli ulikuwa tarout iliyoota yenyewe, angesimama mbele ya wakubwa na kudai bonde la Edarit lifungwe, asipige kambi mtalii wala mpishi. Lakini lazima auone kwa macho yake. Habari za uongo zilikuwa zimemchosha.

Kwa hiyo Tehit alimwagiza Bouhen vitu viwili: mlete daktari, na unipandishie kuni. Siku zile mvua ilikuwa imenyesha tena, samadi yote ya mbuzi anayowashia moto ilikuwa imelowa, na mgunga mkavu wa karibu ulikuwa mwendo wa nusu siku.

Walifika jua likiinama. Daktari alikuwa na mvi mbele ya kichwa na malengelenge miguuni, lakini alipanda kwa miguu yake mwenyewe, na Tehit akampenda papo hapo. Alimkalisha kwenye ngozi nzuri kuliko zote, akampa maziwa. Hakumwonyesha mche, na daktari mwenyewe hakuuliza. Mgeni hasemeshwi shida iliyomleta kabla hajala na kulala. Asiyejua hilo amelelewa na fisi. Mche ulikuwa nyuma ya jabali, ungengoja asubuhi.

Tehit akamvuta Bouhen pembeni.

"Kuni ziko wapi?"

"Kuni gani?"

"Bouhen!"

"Ah." Bouhen alikivuta kitambaa chake cha kichwa juu ya pua, kama afanyavyo akibanwa. "Masanduku ya daktari yalijaza punda wote. Nikasema, mwanamke mwenye hema hakosi kuni."

"Nimekosa. Mgeni katoka mwisho wa nchi, atalala na njaa hemani mwangu?"

"Punguza sauti, atasikia." Akageukia shina kubwa la tarout lililoanguka hatua chache kutoka hemani, kavu, jeupe, lililolala pale tangu kabla wote wawili hawajazaliwa. "Lile je? Linatosha kupikia harusi tatu."

"Lile ni maiti wa kwetu."

"Maiti haoni njaa. Mgeni anaona."

"Mimi nimewapiga mawe wapishi kwa sababu ya kuni hizo hizo. Leo nizichome mimi? Nenda kakae na mgeni, mchekeshe, hiyo ndiyo kazi unayoiweza."

Bouhen akaenda. Tehit alibaki amesimama na unga mkononi. Pale ndipo heshima mbili zilipomshika, moja mkono huu na nyingine mkono ule, na zote zilikuwa zake. Kumwambia mgeni "sina kuni" hakukumjia hata akilini. Mama yake angefufuka amzabe kibao.

Akazunguka jabali. Boma la miiba lilikuwa kavu kabisa, kwa kuwa mwamba ulilifunika lisipate mvua. Aliutazama mche. "Usiku mmoja tu," akauambia. Mbuzi wote alikwisha kuwafungia pangoni kwa mawe. Kesho angekata miiba mingine. Akalibomoa boma lote, akaacha mviringo wa mawe tu kuzunguka mche, akarudi na miiba kichwani huku mikono ikimvuja damu.

Moto ule uliwaka vizuri mno. Unga ukakandwa, mchanga ukapata moto, mkate wa taguella ukafukiwa chini yake, ukatoka na ganda gumu na harufu ya kumlainisha hata adui. Tehit akaukatakata, akaumwagia mchuzi wa nyanya na nyama ya mwana mbuzi. Daktari alikula mpaka akajilamba vidole. Bouhen alikula akiwa amegeukia upande, mkono chini ya kitambaa chake, maana mwanamume wa Ajjer hafunui mdomo mbele ya wanawake, hata kwa chakula. Aliuangalia moto, akayatambua majivu ya miiba. Hakuuliza. Naye Tehit hakusema, kwa sababu mgeni alikuwa pale akisikia, na kusema lilikokwenda boma kungekuwa sawa na kumwambia mgeni kila tonge alilokula lina gharama gani.

Hivyo Bouhen aliwafunga punda wake miguu ya mbele kama kawaida na kuwaacha walishe. Alidhani Tehit amechukua miiba michache tu. Tehit naye aliwafikiria mbuzi, akasahau punda kabisa. Hapa ndipo watu wa Ajjer wanapoponzwa na adabu zao, na wakiponzwa hawajifunzi, na mimi sitaki wajifunze.

Asubuhi Tehit alimshika daktari mkono, akamzungusha jabali kwa madaha ya mama anayekwenda kuonyesha mtoto mchanga. Punda wa kijivu alikuwa amesimama pale, shingo juu ya mawe, akitafuna. Alipowaona aliinua kichwa akawatazama kwa upole. Mdomo wake ulinukia sanduku la bibi harusi.

Tehit alishika mwamba. Mche uliomfika gotini ulikuwa kijiti kilichotafunwa, na kwa jambo moja hilo, bonde lilikuwa limerudi mikononi mwa wapishi.

"Boma lilikuwa wapi?" daktari akauliza taratibu. "Uliniletea habari kwamba una boma la miiba."

Bouhen, aliyekuwa amefika mbio, ndiye aliyejibu, akitazama chini. "Tulilila jana, daktari. Wewe na mimi. Kuni nilizoagizwa niliziacha chini."

Daktari Nassima aliyatazama majivu, akalitazama lile shina kubwa kavu lililolala karibu na hema. "Mama Tehit. Mbona hukuchoma hilo?"

"Kwenu," alisema Tehit, na sauti yake ikarudi na ukali wake wote, "mgeni akija mnamchoma bibi yenu ili mumpikie?"

Daktari alipiga magoti kwenye mchanga. Aliokota vipande vya majani vilivyodondoka mdomoni mwa punda, akavisugua, akanusa, akafumba macho. Kisha akalala kifudifudi kabisa, mvi zake mchangani, akaanza kuchungulia ufa wa mwamba.

"Njoo," akasema. "Njoo uone!"

Chini ya pale punda alipokata, upande wa ndani wa ufa ambako pua ya punda haingii, kitawi kimoja kilikuwa kimejibana kwenye jiwe, kijani, kizima.

"Ni tarout," alisema daktari, na machozi yalikuwa yakimtiririka waziwazi. "Miaka yote hii. Ni tarout, na iko hai. Kitawi hiki kikiachwa, ndicho kitakachokuwa kichwa chake. Nimeuona, mama. Bonde nitalidai, na nitakalowaambia kwanza ni kwamba hapa kuna mtu aliyeona ni heri apoteze mtoto wake kuliko kuchoma wazee wake." Akajifuta uso. "Ila sasa hakina kivuli. Jua la leo na upepo huu vitakimaliza kabla hatujapata miiba. Kuna kitambaa? Hema nimeliacha chini."

Tehit aligeuka akimbilie kambini. Hakufika mbali, maana nyuma yake alisikia sauti ya nguo inayokunjuliwa, akatazama.

Bouhen alikuwa anafungua kitambaa chake cha kichwa. Alikizungusha mkunjo baada ya mkunjo, mpaka kipaji cha uso kikaonekana, kisha mashavu, kisha mdomo. Tehit hakuwa ameuona mdomo ule tangu wakiwa watoto wanaochunga pamoja. Ulifanana na wa mjomba wake. Daktari, aliyekwisha kuishi na watu hawa vya kutosha, aliinamisha macho haraka. Bouhen alikitandaza kitambaa kirefu juu ya mawe, akakikaza pembe kwa mawe mengine, mpaka kitawi kikapata kivuli na upepo ukakosa njia.

"Punda ni wangu," alisema. "Na kuni zilikuwa juu yangu." Kisha akaweka kiganja mdomoni, akabaki hivyo.

Tehit alikwenda hemani, akafungua mfuko wa ngozi, akatoa kitambaa chake cha harusi, cha nili inayong'aa, kile kinachoacha rangi ya buluu shavuni. Ni nguo ya mwanamke, hata mtoto mchanga wa Djanet anaijua. Akamrushia.

"Vaa."

"Hiki?" Bouhen alikishika kama mtu aliyeshikishwa nyoka. "Nishuke nacho mjini? Tehit, watanicheka mpaka wajukuu zangu wazeeke!"

"Waache wacheke. Walitucheka wote wawili bure, sasa wapate sababu." Akamwonyesha kwa kidole njia ya kushukia. "Wakimaliza, mwana wa mjomba, uwaambie tarout imezaa."

Bouhen alikivaa. Alijifunika vizuri mpaka juu ya pua, akafungua miguu ya punda, akashuka jabali kwenda kutafuta kuni na miiba. Na alipofika Djanet hakupita njia ya nyuma ya mashamba ya mitende. Alipita katikati ya soko, polepole, kichwa juu.