Majani ya Mlangoni kwa Scola

Nyumba ya mjukuu wangu Doto iko Kawajense, ya tatu ukitoka kwenye bomba la maji. Ni ndogo: vyumba viwili na sebule, matofali ya kuchoma, bati ambalo bado halijashika kutu. Kushoto kuna nyumba yenye geti kubwa la chuma, kulia kuna nyumba ya ghorofa ambayo haijaisha, na ya Doto imekaa katikati kama mtoto aliyebanwa na watu wazima kwenye benchi la kanisa. Lakini mtu akipita njia ile, macho yake husimama kwa Doto.

Hiyo ni kazi ya mkewe, Scola. Doto ni saidia fundi kwenye majengo, na kila jioni alikuwa anaomba matofali yaliyovunjika, anayafunga kwenye baiskeli na kuyaleta nyumbani. Scola akayafukia nusu nusu, kila moja limeegemea mwenzake, akatengeneza njia kutoka barabarani hadi mlangoni. Njia yenyewe imepinda kidogo katikati. Palikuwa na mpapai mchanga umejiotea pale, hakutaka kuukata, akaipitisha njia pembeni. Sehemu ya chini ya ukuta, usawa wa goti, aliipaka udongo mwekundu ili mvua ikirusha tope lisionekane. Chini ya dirisha aliweka ndoo za rangi zilizotoboka, akazipaka chokaa na kupanda waridi ndani yake. Mimi nimeishi miaka sabini na kitu, sikuwahi kufikiri kwamba ndoo iliyotoboka ndiyo inayofaa waridi, kwa kuwa maji hayatuami.

Nilifika kwao Ijumaa jioni, mwishoni mwa Novemba, nikitokea kwangu Mwamkulu. Giza lilikuwa limeanza kuingia. Scola alitoka kunipokea, mimba ya miezi saba mbele yake, akapiga goti hivyo hivyo kwa shida.

“Shikamoo bibi. Karibu.”

“Marahaba, mke mwenzangu. Usipige magoti, utashindwa kuinuka. Mume wetu yuko wapi?”

“Anaoga. Ulimlea vibaya, anamaliza maji yote.”

“Ningemlea vizuri, ungempata wewe?”

Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Tulipokaa ndipo akanieleza. Baba yake, mzee Aloyce, angekuja kesho kutoka Sitalike. Tangu wafunge ndoa, miaka miwili sasa, hakuwahi kukanyaga pale. Siku ya harusi alisema mbele za watu kwamba binti yake anaolewa na watu wa kuhama. Wasukuma wanafuata majani ya ng'ombe, alisema, na majani yakiisha watambeba mwanangu kwenye mkokoteni nisijue alipo. Sasa alikuwa anakuja kuiona nyumba. Asiporidhika, angeondoka na Scola akajifungulie kwao.

“Na mtu akienda kwao na mzigo wake wote, bibi,” Scola alisema, “anarudi lini?”

Nilimshika mkono tu.

Usiku huo niliwaza nitamsaidiaje. Kwetu mama anayejua usafi anajulikana kwa uwanja wake. Uwanja unafagiwa mpaka udongo unang'aa, na jani likiota mbele ya mlango ni maficho ya nyoka na ni aibu. Nami wakati naingia nilikuwa nimeona, kwenye mwanga ule mdogo, majani yameota pande zote mbili za njia. Moyo wangu ukauma. Nikasema, maskini, kwa tumbo lile atainamaje kupalilia? Na baba mtu anakuja.

Basi niliamka kabla hawajaamka. Nikachukua jembe nyuma ya nyumba, nikaanza. Maua sikuyagusa, matofali sikuyagusa. Majani niliyang'oa yote. Yalikuwa yameshika ardhi vizuri, nikashangaa jinsi yalivyo magumu. Nikayabeba kwa beseni hadi jalalani, nikarudi nikafagia. Jua lilipotoka, uwanja ulikuwa mweupe kama sahani. Nilisimama nikautazama, nikaona nimemfanyia mtoto wa watu jambo jema.

Scola alifungua mlango. Alisimama hapo, mkono umeshika fremu.

“Bibi. Majani yako wapi?”

“Jalalani, mwanangu. Usiwe na wasiwasi, nimemaliza.”

Aliketi pale pale kizingitini. Doto akaja nyuma yake, akatazama, akajishika kichwa.

“Bibi! Ule ukoka tuliupanda! Wiki tano! Anaumwagilia asubuhi na jioni!”

“Mnapanda majani?” niliuliza. “Mlangoni?”

Scola alikuwa analia bila sauti. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha akainuka, akanifuata, akanitoa jembe mkononi, akaigeuza mikono yangu na kuitazama. Viganja vilikuwa na malengelenge.

“Umeumia,” alisema. “Doto, chemsha maji. Bibi hajanywa hata uji.”

Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu baada ya kulia. Wengine kwa shamba lililofyekwa wangesema mengine.

Jirani yao, Generosa, ndiye aliyempa Scola mbegu ya ule ukoka. Alichungulia juu ya ua wake, akaona uwanja, akaona nyuso zetu.

“Jamani! Bibi kakunja kapeti!” Akacheka mpaka akashika ubavu, halafu akaona Scola hacheki, akanyamaza, akazunguka na kuingia. “Mizizi bado ipo? Basi haujafa. Tuurudishe kabla jua halijakomaa.”

Tukaenda jalalani wote wanne. Tukauchambua ukoka kutoka kwenye maganda ya ndizi na majivu, tukaulowesha kwenye ndoo, tukaanza kuupanda. Mimi nilipanda kwa magoti. Kila mmoja alipanda anavyojua, huku umerundikana, kule upara. Tulikuwa bado hatujafika nusu, matope hadi viwikoni, bodaboda ikasimama barabarani.

Mzee Aloyce alishuka. Alivaa koti na shati jeupe. Alikuja saa tatu, sisi tulimtegemea saa sita. Scola aliinuka na mikono yake ya tope, hakujua aipeleke wapi.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba.” Hakumtazama sana. Alitazama uwanja, akatazama ndoo, akanitazama mimi. “Shikamoo mama. Hapa kumetokea nini?”

Niliona nikinyamaza, lawama itamwangukia binti. Nikasema, “Marahaba, baba Scola. Mtoto wako alipanda majani yakapendeza. Mimi nikayang'oa alfajiri nikidhani ni magugu. Kosa ni langu, usimhesabie yeye.”

Generosa alijifanya anatafuta kitu ndani ya ndoo.

“Nilijua Wasukuma wanafuata majani,” mzee alisema taratibu. “Sikujua wanayapanda.”

“Mengine tunayapanda, mengine tunayang'oa,” nikamjibu. “Bado hatujakubaliana.”

Mdomo wake ulitikisika. Kisha akainama, akavuta shina moja nililopanda mimi. Likatoka lote mkononi mwake.

“Sasa hii ndiyo nini? Mnapanda kwenye udongo mkavu? Na kwa jua hili?” Yule mzee amelima tumbaku maisha yake yote, na mtu wa tumbaku hawezi kuona mche unapandwa vibaya akatulia. Alivua koti, akamkabidhi Scola. “Doto! Lete kamba na vijiti viwili. Na maji. Udongo unyweshwe kwanza.”

Doto alikimbia kana kwamba ameitwa jeshini. Mzee akanyoosha kamba, akapima kwa shibiri, akatoboa kwa kijiti, akapandikiza, akakandamiza kwa kisigino. “Usikandamize juu ya shina. Pembeni. Pembeni, mkwe!” Ilikuwa ni mara ya kwanza kumwita mkwe. Nilimwona Doto akiinamisha uso. Tulipofika kwenye kona ya mpapai, mzee alisimama akaangalia njia ilivyopinda.

“Nani alipitisha njia hapa?”

“Mimi, baba,” Scola akasema. “Sikutaka kuukata.”

Alitikisa kichwa, akaendelea, lakini aliupita ule mpapai kwa uangalifu, hakugusa mizizi yake. Tulipomaliza tulitandika majani makavu juu ili kivuli kiwepo. Shati lake jeupe halikuwa jeupe tena. Alinawa, akaingia ndani bila kungoja kukaribishwa mara mbili, akala ugali na kuku niliyemleta kutoka Mwamkulu, akaomba ugali mwingine.

Hakuna aliyetaja lililomleta. Mwishowe Scola mwenyewe hakuweza kuvumilia. Alisimama mlangoni, mikono juu ya tumbo.

“Baba, nifunge mzigo?”

Mzee alitazama nje, kwenye ile mistari aliyoinyoosha.

“Mzigo wa nini? Majani yale bila maji siku tatu yamekufa. Mumeo anatoka alfajiri. Nani atamwagilia?” Alikohoa. “Mama yako atakuja yeye. Mwezi wa kwanza. Mwandalieni kitanda.”

Scola alimwinamia baba yake, akaweka paji la uso begani kwake, juu ya lile tope lililokauka. Mimi niliingia jikoni nikaosha sufuria iliyokuwa safi tayari.

Jioni bodaboda ilirudi kumchukua. Mzee alikwisha kuipanda, koti begani, akamgusa dereva na kushuka tena. Upande wa dirishani, alisema, kuna sehemu haikukandamizwa vizuri. Dereva akazima pikipiki. Mzee akavua viatu.