Usisukume Mpaka Nirudi

Njia ya uzazi ilikuwa imefunguka sentimita tano, na nje basi lilikuwa linapiga honi kwa mara ya tatu.

Nesi alivua glavu, akaitupa kwenye ndoo, akalipitishia macho boksi la glavu lililokuwa juu ya kabati. Zilibaki nne. Mwanamke aliyelala kitandani, mke wa fundi baiskeli wa pale njia panda, alikuwa ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili na kumkodolea macho.

"Bado?"

"Bado kidogo, mama. Unakwenda vizuri."

"Yule wa kwanza alitoka haraka, nesi."

"Najua."

Alijua kweli. Miaka kumi na mmoja ya kuzalisha ilikuwa imemfundisha kwamba uzazi wa pili haumsubiri mtu. Lakini alijua na mambo mengine, na mojawapo lilikuwa limesimama mlangoni, limevaa suti.

Msimamizi wa zahanati hakuwa na tabia ya kuingia chumba cha kujifungulia. Damu ilimtia kichefuchefu, alisema. Mshahara wake haukumtia.

"Wenzako wote wamepanda basi," alisema akiwa bado nje ya kizingiti. "Unasubiriwa wewe tu."

"Bosi, nina mzazi hapa. Yuko sentimita tano."

"Wa kwanza huyo?"

"Wa pili."

"Basi kazi anaijua." Alitazama saa yake. "Barua imesema watumishi wote wa afya, kwa sare nyeupe, mstari wa mbele. Haikusema wote isipokuwa wewe."

"Si lazima abaki mtu mmoja?"

"Mama wa usafi atabaki."

"Mama wa usafi si mkunga, bosi."

"Mama wa usafi hana sare nyeupe," Msimamizi alisema, kama mtu aliyemaliza hesabu. "Mkutano wa kampeni unaanza saa saba, saa nane mmerudi. Tena daftari la mahudhurio litasainiwa mwisho, si mwanzo. Safari ile wajanja walisaini wakala kona. Mnakumbuka yaliyowapata." Aligeuka aondoke, kisha akaongeza bila kuangalia nyuma, "Jina lako la ajira ya kudumu liko mezani kwangu. Sisemi zaidi."

Hakuwa na haja ya kusema zaidi. Nesi alikuwa mtumishi wa mkataba kwa mwaka wa sita. Kila mwaka ulipokaribia kwisha alikuwa anakosa usingizi wiki mbili nzima, mpaka aone karatasi yenye muhuri. Watoto wake watatu walikula, walisoma na kulala chini ya karatasi hiyo.

Alirudi kitandani, akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wa yule mwanamke.

"Sikiliza, mdogo wangu. Natoka mara moja. Uchungu ukija, pumua kwa mdomo hivi: fu, fu, fu. Ukisikia hamu ya kusukuma, usisukume. Njia bado haijafunguka, utaumia. Usisukume mpaka nirudi. Umenielewa?"

"Usichelewe."

"Sichelewi."

Mama mkwe wa yule mwanamke, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda pembeni na beseni miguuni, aliitikia kwa niaba ya wote. "Nenda, mwanangu, urudi upesi. Sisi tupo."

Koridoni Nesi alimkuta mama wa usafi na fagio lake. Alimshika mkono. "Ukiona hali imebadilika, nipigie. Usisubiri." Mama wa usafi alitikisa kichwa mara nyingi, na hofu ilimjaa usoni. Daftari la wazazi lilikuwa mezani, wazi, na Nesi alikuwa hajaandika kitu kuhusu mzazi huyu. Alikusudia kuandika akimaliza kumpima. Honi ikalia tena, akalipita mbio.

*

Uwanja wa mpira haukuwa mbali na zahanati, ila basi lilizunguka mji mzima kwanza ili watu walione. Saa saba ilifika, ikapita. Saa nane ilifika, ikapita. Watumishi wa afya, kumi na wanne kwa hesabu, walikaa kwenye viti vya plastiki mbele ya jukwaa, weupe pepepe juani, na mpiga picha akawapiga kutoka kila upande kama bidhaa mpya dukani. Mganga wa meno alisinzia. Mtu wa maabara aliapa kwamba kama ingekuwa kura ya siri ya kurudi nyumbani, ingepita kwa kishindo. Walicheka kwa mdomo wa pembeni. Nesi hakucheka, alikuwa anahesabu: sentimita tano saa sita, uzazi wa pili. Kila alivyohesabu, jibu lilimtoa jasho.

Mgombea alifika saa tisa na nusu. Aliomba radhi kwa kuchelewa, akasema barabara ni mbovu. Watu wakapiga makofi, maana ni kweli barabara ilikuwa mbovu. Hakuna aliyemkumbusha kwamba mwenye dhamana ya barabara hiyo kwa miaka mitano iliyopita alikuwa ni yeye mwenyewe.

Alikuwa hodari wa kusema, lazima apewe haki yake. Alianza polepole, karibu kwa aibu, akaulizia mvua, akawatania wazee. Halafu sauti ikapanda.

"Mimi nimezaliwa na mwanamke!" alisema, na kwa sababu fulani hilo nalo lilishangiliwa. "Mama yangu alinizaa chini, kwenye mkeka, hana daktari, hana nesi! Nikaapa! Nikasema, siku Mungu akinijalia, hakuna mama wa eneo hili atakayeteseka kama mama yangu! Nimejenga zahanati, sikujenga?"

"Umejenga!"

"Ina wakunga, haina?"

"Inao!"

Simu ilitetemeka mapajani mwa Nesi. Aliifunika kwa kiganja. Ilinyamaza, ikatetemeka tena, kisha ujumbe ukaingia. Mama wa usafi aliandika kwa shida, bila nukta: *nesi njoo anasema anataka kusukuma namwambia asubiri njoo*.

Alisogea mpaka kiti cha Msimamizi, mwisho wa mstari, akamwonyesha simu. Msimamizi aliisoma bila kubadilisha tabasamu aliloliweka kwa ajili ya wapiga picha.

"Anamalizia."

"Bosi, mtoto anakuja sasa hivi."

"Na mimi nimekwambia anamalizia. Kaa chini. Unataka watu wote hawa waone nesi anamkimbia mheshimiwa akizungumzia wakunga?"

Nesi alirudi kitini. Alikaa. Pengine ilikuwa dakika moja, pengine mbili. Akilini alimwona yule mwanamke akipumua kwa mdomo, fu, fu, fu, mtiifu kama mtoto wa shule. Hata ajira ya kudumu ilikuwa na mwisho wake. Alipiga moyo konde, akasimama. Alikuwa peke yake aliyesimama katika mstari mzima mweupe.

"Huyo!" mgombea akapaza sauti, akinyoosha kidole. "Huyo mama aliyesimama! Mmemwona? Ameshindwa kukaa! Furaha imemzidi! Njoo, mama yangu, njoo hapa juu, watu wakuone!"

Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Nesi alitikisa kichwa, akaonyesha upande wa zahanati, akasema kitu ambacho hata yeye hakukisikia. Vijana wawili waliovaa fulana zenye sura ya mgombea walishamshika mikono, kwa heshima kabisa, wakampandisha ngazi. Jukwaani, mgombea alimkumbatia. Akamshikisha kipaza sauti.

"Waambie, mama. Wewe ndiye unayezalisha pale. Waambie ukweli."

Kipaza sauti kilikuwa na uzito kuliko alivyodhani, na bado kilikuwa na joto la mkono wa mgombea. Watu walinyamaza kumsikiliza. Katika maisha yake hakuwahi kunyamaziwa na watu wengi hivyo. Maneno alikuwa nayo, yote, yamepangika mdomoni: *Kuna mama anajifungua sasa hivi peke yake, naomba mniruhusu niende.* Maneno machache tu. Nani angemzuia, mbele ya umati ule?

Aliangalia chini. Msimamizi alikuwa amesimama, kalamu mkononi, daftari la mahudhurio kifuani, akimtazama.

"Tunamshukuru sana mheshimiwa," Nesi alisema. Sauti yake ilitoka kwenye spika zote nane, kubwa, ngeni, ikaenda ikagonga majengo na kurudi. "Tunakushukuru. Akina mama wa hapa... wako salama mikononi mwetu. Asante."

Walimshangilia mpaka vumbi likatimka. Alipotaka kushuka, mgombea alimvuta kwa upole na kumkalisha kwenye kiti cha kitambaa nyuma yake, mahali ambapo kamera zingempata, na akahutubia dakika nyingine hamsini.

*

Alirudi kwa miguu, mbio, viatu mkononi, saa kumi na moja na robo. Daftari alisaini. Ndiyo, alisimama foleni, akasaini. Hilo hatalieleza kwa mtu.

Mama wa usafi alikuwa amekaa sakafuni nje ya mlango. Mikono yake ilikuwa imekauka damu mpaka viwiko. Hakuinuka.

"Kitovu kilimzunguka shingoni," alisema. "Mara mbili. Mimi sikujua, nesi. Nilidhani ndivyo wanavyokuja. Ningejua ningekitoa."

Ni jambo la kupitisha kidole. Unaingiza kidole, unakivuta, unakivusha kichwani, mtoto anateleza anatoka analia. Nesi alikuwa amefanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba hakuwahi hata kuandika. Alipita, akaingia ndani, na kwa dakika ishirini alifanya kazi aliyobakishiwa: kondo, kushona, kusafisha, kumpima mama presha. Glavu zilitosha. Mtoto alikuwa juu ya meza ya kando, amefunikwa nguo ya bibi yake. Alikuwa wa kiume, mkubwa, ametimia kila kitu.

Mwanamke kitandani hakulia. Aliangalia dari. Mama mkwe ndiye aliyezungumza, kwa sauti ya kawaida tu, huku akikamua kitambaa kwenye beseni.

"Tulikusikia."

Nesi aliacha kufunga uzi.

"Zile spika zinafika hapa, mwanangu, upepo ulikuwa wa huku. Huyu alikuwa ameanza kusukuma, ameshindwa kujizuia. Sauti yako ikaja. Akasema, mama, huyo nesi, amemaliza, anakuja. Basi akaacha. Akabana miguu akangoja. Alingoja kweli, mwanangu. Mimi mwenyewe nilimwambia ngoja, mwenyewe anakuja."

"Mama..."

"Sikulaumu. Nakueleza tu ilivyokuwa."

Nesi alitamani alaumiwe. Angepigwa kibao angeshukuru. Alinawa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na maji yakakatika akiwa bado ana sabuni.

Msimamizi aliingia bila kubisha. Uso ulikuwa umemnawiri. "Umetupaisha leo, dada! Mheshimiwa mwenyewe ameuliza jina lako. Kesho asubuhi anakuja hapa na waandishi wa habari, anataka apigwe picha na wewe humu hu..." Ndipo alipoiona meza ya kando. Alifikiri. Haikumchukua muda mrefu.

Alitoka, akarudi na daftari la wazazi, akaliweka mbele ya Nesi kwenye ukingo wa dirisha, ukurasa wa leo.

"Hujamwandika bado. Afadhali." Alishusha sauti, ingawa chumba kilikuwa kidogo na kila neno lilisikika. "Muda wa kufika, andika saa kumi jioni. Alichelewa kutoka nyumbani, akafika mambo yameshaharibika. Wanachelewa kila siku hawa, si jambo geni. Sisi hatukuwa na la kufanya."

"Nilikuja saa tatu," mwanamke alisema kitandani. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua mdomo.

"Pumzika, mama," Msimamizi alisema bila kumtazama. "Pole sana. Pumzika." Kisha kwa Nesi, "Ikienda juu ilivyo, wataulizia mkunga wa zamu alikuwa wapi. Sio mimi watakayemuuliza. Jina la zamu ni lako."

Nesi alichukua kalamu. Aliandika jina la mwanamke, kwa herufi nzuri. Umri, ishirini na sita. Uzazi, wa pili. Jinsia ya mtoto. Uzito, alikwenda akampima yule mtoto kwenye mizani, akarudi akaandika, kilo tatu na nusu. Yote yalikuwa kweli. Kilibaki kisanduku kimoja. Aliandika neno *saa*, akaacha nafasi, akainua kalamu.

"Andika," alisema Msimamizi.

"Ndiyo, nesi, andika," alisema mwanamke, akijiinua kwa kiwiko, na mama mkwe akaacha kukamua kitambaa. "Saa tatu asubuhi. Ulinipokea wewe."