Sahihi ya Ndugu

Dobi alifika kwenye dirisha la dawa akiwa amebakiza vidonge viwili, cha leo na cha kesho. Kwa miaka sita hakuwahi kuruka hata kimoja. Alijijua. Akikosa wiki mbili tu, atapiga pasi nguo za mtaa mzima bila kulala, huku akicheka peke yake, kisha atatumbukia gizani kule ambako zamani majirani walivunja mlango kumtoa.

"Ndugu yako yuko wapi?" mtoa dawa aliuliza bila kuinua macho.

"Nimekuja mwenyewe, dada. Kama siku zote."

"Utaratibu umebadilika. Aliyewahi kujaribu kujiua hapewi dawa za mwezi mkononi. Anakabidhiwa ndugu."

"Basi nipe za wiki. Nitakuja kila Jumatatu."

"Pakiti haikatwi."

Dobi akampigia kaka yake.

"Si ulishapona wewe? Mbona unaongea vizuri tu?" kaka akasema. "Nina mabinti wa kuozesha. Jina langu lisiandikwe huko." Simu ikakatika.

Akapitia majina mengine kwenye simu. Mwenye nyumba. Muuza sabuni. Waliobaki walikuwa wateja, aliowahifadhi kwa nguo zao: Suti Nyeusi, Shuka Tano, Kanzu ya Doa.

Bibi aliyekuwa nyuma yake akasogea dirishani. "Niandike mimi. Kuanzia sasa huyu ni mwanangu. Sura hana, lakini nitamzoea."

Watu wakacheka. Dobi naye akacheka, machozi yakimlengalenga.

"Kitambulisho, bibi. Lazima jina la ukoo lifanane na lake."

Halikufanana.

"Dada," Dobi akasema polepole, kama anayemweleza mteja habari ya doa lisilotoka, "nikikosa dawa hizi ndipo nitakapojidhuru."

"Ndiyo maana tunakulinda, kaka."

Mtoa dawa akafungua daftari. Lilikuwa na safu mbili tu: Amechukua, Amekataa. Akatia alama kwenye ya pili, akaligeuza, akasukuma kalamu iliyofungwa kwa uzi.

"Mimi sijakataa."

"Hiyo ni safu tu. Mwezi ujao njoo na ndugu. Weka sahihi, watu wanangoja."

Uzi ulikuwa mfupi. Ilimbidi Dobi ainame, paji la uso likigusa kioo, ndipo jina lake likaenea vizuri ndani ya mstari.