Mtani Aliyecheka Wiki Mbili

Jafari, fundi wa mashine za kupulizia salfa mikorosho pale Lulindi, alihesabu siku isiyo na tusi la Sabina kuwa siku iliyopotea. Koo zao ni watani tangu enzi za mababu. Mtani wa kweli hukuambia umezeeka, umekonda na mkeo yuko mbioni kukukimbia, kisha anakutilia uji. Ukinuna, wewe ndiye usiye na adabu.

Kwa hiyo mwezi wa Juni, Sabina alipopita kwenye kibanda cha ufundi cha Jafari na kumwita kwa jina la marehemu baba yake, Jafari aliitika kwa sauti ya kizee na kuomba ugoro. Kesho yake Sabina alikuja na kiatu mguu mmoja. Jafari naye akavua chake kimoja, wakaongozana hadi kisimani, watoto wakishangilia nyuma.

“Kichwa kinaniuma,” Sabina alisema.

“Akili zinatafuta mlango wa kutokea,” Jafari akamjibu. Mtu mzima na ndevu zake!

Baada ya siku kadhaa ukaja msiba. Sabina aliingia uani kwa Jafari amejifunga kanga kiunoni, analia kwa sauti: “Jafari amekufa, jamani! Mtani wangu amekufa!” Kwa watani hata kifo ni mchezo; matangani wao ndio huigiza mwendo wa marehemu, na hakuna wa kuwakataza. Basi Jafari alijilaza mkekani, mkewe Rahima akamfunika shuka, majirani wakacheka mpaka mbavu ziwaume. Sabina alikaa kando ya kichwa chake akilia mpaka mumewe alipokuja kumchukua. Jafari alichungulia kwa jicho moja, akayaona machozi, akasema moyoni kwamba mama huyu ana kipaji.

Siku tatu baadaye Sabina alishikwa na homa kali, asimtambue hata Joel, mtoto wa tumbo lake. Baba Joel alimkimbiza hospitali ya Ndanda, na Jafari akawafuata. Malaria haikuonekana. Maji ya uti wa mgongo yalionyesha ubongo umevimba kwa ugonjwa, lakini kijidudu hakikupatikana.

“Amechanganyikiwa tangu lini?” aliuliza Daktari Furaha, dada mpole asiye na haraka.

“Tangu jana,” alisema Baba Joel. “Kabla ya hapo alikuwa mzima, anatania watu kama kawaida yake.”

Jafari alitazama sakafu. Mambo ya utani hayapelekwi barazani, mtani hashtaki. Tena kusema ilikuwa kumwambia Baba Joel usoni: mkeo alikuwa anaumwa, mimi nikamcheka. Lakini aliiona kalamu ya daktari inaandika ile “jana”, akaogopa zaidi.

“Si jana, daktari. Ni wiki mbili.” Akaeleza yote: jina la marehemu, kiatu, msiba. “Yale machozi yalikuwa ya kweli. Alidhani nimekufa.”

Baba Joel aligeuka kumtazama.

Daktari alifuta alichoandika. Dawa za kuua vijidudu alizokwisha kumwanzishia hakuzikatiza, ila ugonjwa ulioingia taratibu hivyo ulimpa wazo jingine, akaituma sampuli ya yale maji ya uti wa mgongo kwenye maabara kubwa, mbali. Majibu yaliporudi, aliwaita wote wawili.

“Ubongoni kuna seli zenye umbo la nyota,” alisema. “Ndizo zinazozilisha na kuzitunza seli za fahamu. Ndani yake kuna nyuzi za protini, tunaiita GFAP, zinazozishikilia kama fito zinavyoshikilia nyumba ya udongo. Kinga ya mwili wake imekosea, inazishambulia seli hizo kama adui.”

“Kwa hiyo hajarogwa?” aliuliza Baba Joel.

“Hajarogwa, wala si sumu ya salfa ya mikorosho. Tutaituliza hiyo kinga, kwanza kwa dripu, kisha kwa vidonge, tukipunguza dozi polepole.” Akamgeukia Jafari. “Ungesema mapema, tungeanza mapema. Usingesema kabisa, nisingeituma sampuli.”

Siku ya nne ya dripu, Sabina alimwita Joel kwa jina lake. Baba Joel alilia hadharani, ameushika mkono wa Jafari.

Mwezi wa Septemba Sabina alipita tena kibandani. “Wee Jafari, sura hiyo alikufinyangia nani, fundi matofali?”

Jafari hakucheka. Daktari alisema ugonjwa unaweza kurudi. “Leo siku gani, Mama Joel?”

Ilikuwa wiki ya tatu anamuuliza hivyo. Macho ya Sabina yalilengwa na machozi.

“Jumanne. Kila mtu ananishika kama yai. Baba Joel, watu wa kanisani, hata mama yangu kule Newala. Na wewe pia?”

“Naogopa, Sabina. Nikicheka tena, nitajuaje?”

Sabina aliketi juu ya boksi la mashine. “Niulize siku kwanza. Nikikosa, nipeleke Ndanda. Nikipatia, nitukane.”

Jafari alifuta mikono yenye grisi. “Jumanne ni kweli,” alisema. “Ila hivyo vidonge vimekuvimbisha mashavu, unafanana na chura aliyemeza chura mwenzake.”

Sabina alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Jafari alimtazama mpaka alipomaliza, ndipo naye akacheka.